Kugonga Pipa, Kugonga Kifua

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili aliandika kwenye jaribio kwamba umeme wa waya ni kama maji ya bomba. Akakatwa alama, pembeni akaandikiwa: "Sayansi si mafumbo." Je, mifano ya kulinganisha haiwafai wanasayansi?
Mama wa watoto wawili, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ningempa alama, kisha ningemuuliza: waya ukikatika, umeme humwagika?

Marehemu mama yangu, tulipokaa Mkomani, hakuwa akifunua pipa la maji asubuhi. Akiligonga ubavuni kwa konzi, toka juu kwenda chini. Palipo patupu palivuma; sauti ikigeuka nzito, keshajua maji yamefika wapi, na kama punda aende kisimani.

Sasa, Austria ya karne ya 18 alikuwako daktari Leopold Auenbrugger, mwana wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz. Inasimuliwa kwamba mapipa ya mvinyo ya babake yalipimwa vivyo hivyo. Eksirei haikuwapo; kilichomo kifuani mwa mgonjwa kilikuwa siri. Auenbrugger akakigonga kifua kama pipa: pafu lenye hewa huvuma, penye majimaji hulia kizito.

Hakuridhika na kufanana tu, na hapa ndipo ninapotaka kijana atulie. Alitia maji kwenye vifua vya maiti, akagonga, akasikia sauti ikigeuka pale pale maji yalipoishia. Alishughulika miaka 7 kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 1761. Madaktari wengi walimpuuza, jambo linaloniuma hadi leo, mpaka Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1808.

Laennec, daktari Mfaransa, alikuwa mwanafunzi wa Corvisart. Mwaka 1816 aliletewa msichana mgonjwa wa moyo, akaona haya kumwekea sikio kifuani. Akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, aliyetega sikio ncha ya pili husikia. Akaviringisha karatasi, ncha moja kifuani, ncha ya pili sikioni, na stetoskopu, chombo cha daktari cha kusikilizia kifua, ikazaliwa. (Mjaribisheni kijana kwenye boriti ya mkoko, atasikia.)

Basi arudi kwa mwalimu wake, kwa adabu, amweleze: betri ni kama pampu, waya mwembamba hubana mkondo kama bomba jembamba. Lakini bomba likipasuka maji hutapakaa, na waya ukikatika mkondo husimama. Hilo la mwisho aliandike kwa herufi kubwa.