Koili ya kupozea kimea: mita 7 au 15?

Kaka, umeuliza koili ya kuzamisha kwenye kimea (maji matamu ya nafaka yaliyochemshwa kutengenezea bia) ili kipoe iwe ya urefu gani. Kwa sufuria ya lita 20 unayoitumia, koili ya mita 7 au 8 ya bomba la shaba la inchi 3/8 inatosha. Mita 15 za nusu inchi ni za anayepika lita 40 na kuendelea. Ila hapo Dar tatizo lako ni maji, hasa kama yanatoka kwenye simtanki lililopigwa jua mchana kutwa. Koili hata iwe ndefu vipi, haishushi joto chini ya maji yanayopita ndani yake, na ya bomba hapo mara nyingi yako karibu nyuzi 28. Hamira ya ale (aina ya bia) inataka nyuzi kama 18 hadi 20.

Kwa hiyo tumia maji ya bomba mpaka mvuke uishe na sufuria ishikike kwa mkono, kisha chovya pampu ndogo kwenye ndoo ya maji ya barafu, uyazungushe kupitia koili na kurudi humo humo ndooni. Koroga kimea taratibu kwa mwiko uliochemshwa, maana kikitulia, kinapoa pale kinapogusana na shaba tu.

Bomba la shaba waulize mafundi wa AC, Kariakoo lipo.