Kombi kupata joto mlimani: anza na mpira wa injini

Ndugu, kombi ya Volkswagen 1600 inayopata joto ukipanda milima kwenda Kabale, Uganda, na taa ya oili kumulika ukisimama, si ya kupuuza. Injini hiyo haina rejeta. Inategemea upepo wa feni na oili.

Angalia kwanza mpira unaoziba nafasi kati ya mabati ya injini na bodi. Mafundi wengi wakishusha injini hawaurudishi. Ukikosekana, hewa moto iliyo chini karibu na egzosi inapanda na feni inaivuta tena. Pitisha kidole pande zote; ukiona ardhi chini, ziba. Mkanda wa feni ukiubonyeza katikati ushuke kama sentimita 1.5. Nafasi ya valvu iwe milimita 0.15, ipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Oili lita 2.5, isizidi.

Mlimani shuka gia mapema ili feni izunguke kwa kasi. Usilazimishe gia namba nne.

Taa ya chaji ikiwaka njiani, zima injini hapohapo: huenda mkanda wa feni umekatika. Usimwagie injini maji, silinda hedi itapasuka. Na taa ya oili ikiendelea kumulika hata kwa oili mpya, fundi apime presha kwa geji kabla hujasafiri tena.