Jibu: Skana haioni vijimizizi vya mpunga
Habari ndugu. Unasema kwa macho mizizi ya mpunga imesongamana, lakini ukiipiga picha kwa skana, programu ya kupima mizizi kwenye picha inakupa urefu mdogo na matawi machache. Anza na skana. Ukiiweka nukta 300 kwa inchi, pikseli moja ni kama maikromita 85, na vijimizizi vyembamba vya mpunga vina unene wa karibu hivyo hivyo, kwa hiyo vinapotea. Panda hadi 600.

Pia osha taratibu juu ya chekeche, usivute, kisha iache mizizi ielee kwenye trei yenye maji, uitenganishe kwa kibanio. Ikipandiana, programu huona tawi pasipo na tawi. Ndiyo maana mimi hesabu ya matawi siiamini sana. Naangalia urefu wa mizizi kwa kila kiwango cha unene. Programu ya kupima mizizi iitwayo RhizoVision Explorer inautoa, tena bure.