Naivasha kwa siku moja: boti ni asubuhi, hayo mengine baadaye

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananiuliza, nina siku moja tu Naivasha nifanye nini, halafu kabla sijajibu ananitumia listi yake: kupanda Mlima Longonot, baiskeli mbuga ya Hell's Gate, boti ziwani, Crescent Island kuona twiga, jioni samaki. Jamani. Hiyo ni kazi ya siku tatu, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilishajaribu kuibana yote ndani ya siku moja nikaona cha mtema kuni.

Tulitoka Nairobi alfajiri mimi na binamu zangu wawili, ni kama kilomita 90 tu, tukasema tuanze na baiskeli, boti tutamalizia nayo jioni jua likizama ili picha zitoke fiti. Saa kumi tukapanda boti. Hata dakika kumi hazijaisha upepo ukaanza, na sio ule wa kupeperusha kofia, ziwa lenyewe lilikuwa linapanda na kushuka, maji yanaturukia, simu tumezificha ndani ya mashati, na binamu yangu mdogo, yule mwenye mdomo kutushinda sote, kanyamaza kimya kashika ubao wa kukalia kwa mikono miwili. Jamaa wa boti anacheka, eti hapa mchana ndio huwa hivi, mngekuja asubuhi. Sasa si ungetuambia kabla hatujalipa! Baadaye ndio nikaja kujua jina Naivasha limetoka kwa Kimaasai, Nai'posha, yaani maji yanayochafuka. Wenyewe walishasema zamani.

Kwa hivyo boti ni saa moja asubuhi mpaka saa nne hivi, ziwa likiwa bado limelala. Niliporudi mara ya pili nikaona kumbe ni ziwa lingine kabisa, migunga iliyokufa imesimama katikati ya maji tangu yale maji yapande 2020, furukombe, wale tai wanaokula samaki, juu ya matawi, viboko masikio na pua tu. Mzee wetu wa boti akatoa kasamaki, akakachomeka kipande cha funjo ndani ili kaelee, akapiga mluzi, akakatupa. Yule ndege alishuka kama jiwe. Mimi hata kamera sikuwahi kuinua.

Kabla hujapanda uliza bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, na ni ya muda gani, hapo ndipo wengi wanaliwa. Laifu jaketi vaa na ujaribu kufunga kifungo chake ukiwa bado nchi kavu, mimi nilipewa moja kifungo kimevunjika nikagundua tukiwa tumeshafika mbali. Jamaa akitaka kuwasogeza karibu na viboko ndio mpate picha, mwambie hapana. Na jioni usitembeetembee ufukweni, usiku viboko wanatoka kula majani na ukiwa katikati yao na maji huna bahati.

Mkishatoka ziwani nendeni Hell's Gate, ni moja ya mbuga chache Kenya unazoruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na ngiri. Malipo ya kuingia fanyeni mkiwa bado nyumbani, kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, msingoje getini mkaanza kutafuta netiwaki. Baiskeli ya kukodi izungushe kwanza hapo hapo, breki, cheni, gia, kwa sababu yangu cheni ilikatika mbele ya Fischer's Tower, ule mwamba uliosimama kama mnara, na nikaisukuma mpaka getini kwenye jua, vumbi mpaka kwa meno, pimbi wa pale kwenye mawe wananiangalia tu. Ile korongo ya ndani ni nzuri ajabu lakini msimu wa mvua achana nayo, mvua inaweza kunyesha mbali huko juu wakati kwako kuna jua, maji yakaja ghafla, na 2019 watu walikufa humo. Wakikwambia imefungwa usitafute mtu wa kukupitisha njia ya panya.

Longonot ipe siku yake. Kilele ni mita 2,776, kuzunguka mdomo wa kreta ni kilomita saba na kitu, juu huko hakuna pa kununua maji, na njia ni vumbi la volkano linaloteleza ukishuka. Ukipanda leo, kesho ngazi za nyumbani utazishuka kinyumenyume.

Flamingo? Msitarajie Naivasha, maji yake hayana chumvi na wale wanafuata maziwa yenye magadi. Songeni mbele mpaka Ziwa Elementaita, iko barabara hiyo hiyo ya kwenda Nakuru.

Na samaki mle mkishatoka kwa boti, sio kabla. Muulizeni binamu yangu.