Maswali na Majibu: Mkoloni na Watu Wake wa Kati

Wajerumani walikuwa wachache mno. Waliwezaje kutawala Tanganyika nzima?

Kwa mikono ya watu wengine. Walipolivunja jeshi la Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, na kumnyonga Pangani mwaka 1889, waliukuta pwani utawala wa Sultani wa Unguja: liwali wa mji, akida chini yake, jumbe wa kijiji. Wakauchukua kama ulivyo, wakausukuma bara. Akida wa pwani akapelekwa Umatumbi, vilima vya kusini, kwa watu asiowajua wala wasiomtaka, ana askari na daftari la kodi. Kodi ya vibanda ilianza 1898, rupia tatu kwa mwaka. Ukikosa, unakwenda kuilipa kwa kibarua. Kisha likaja shamba la pamba la lazima, lenye ujira duni hata wengine wakaukataa, na kwa mkaidi hamsa ishirini ya kiboko. Julai 1905 watu wa Nandete, hukohuko Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Akida alimjibu bwana wa boma, si wanakijiji. Habari zilizofika juu zilikuwa zile zinazomfaa yeye. Anayedhani tabia hiyo iliondoka na Mjerumani na atembelee ofisi yoyote ya kata.

Nani alikuwa mwema, Mjerumani au Mwingereza?

Swali hili linarudi kila mwezi. Hakuna aliyekuja kwa wema. Linalofuata.

Kiswahili tuliletewa na Wajerumani?

La. Misafara ilikuwa ikikizungumza Tabora na Ujiji kabla yao. Wao walikifanya cha ofisi.

Babu yangu alikuwa chifu chini ya Mwingereza. Ina maana ukoo wetu ulitawala tangu kale?

Inategemea kwenu ni wapi. Wahaya walikuwa na bakama wao, Wachaga mamangi. Wamakonde hawakuwa na mtawala mmoja. Gavana Donald Cameron, aliyetoka Nigeria, alipitisha sheria ya 1926 iliyotaka kila kabila liwe na mamlaka yake. Pasipokuwa na chifu, alitafutwa. Huyo alilipwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji, iliyojazwa na kodi hiyohiyo aliyoikusanya. Asipoikusanya, anavuliwa. Waulize wazee ukoo wenu uliketi wapi kabla ya 1926, na majalada ya DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, yasomeni kwa tahadhari: wazee wengi walitoa nasaba wakijua anayesikiliza ndiye anayegawa vyeo. Serikali huru iliufuta uchifu mwaka 1963, na mimi sioni haja ya kuurudisha.

Risasi ziliua wangapi Maji Maji?

Wachache kuliko njaa. Jeshi la Götzen, gavana wa Kijerumani, lilichoma mashamba na maghala, na watu wakaendelea kufa baada ya bunduki kunyamaza. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaofika 250,000 hadi 300,000. Anayewaandika wote kuwa “waliuawa vitani” anamfutia Götzen ile njaa.