Kosa la mstari wa 84

Juma lililopita kijana mmoja wa Muheza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuunda lugha yangu ya programu. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake limenirudisha miaka tisa nyuma, nilipokuwa nikifundisha vijana kuandika programu katika chumba cha kupanga huko Ngamiani, hapa Tanga.

Mwanafunzi wangu alisahau kufunga bano katika mstari wa 12. Kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi wa programu ili kompyuta iyatekeleze, ikamwambia kwamba kosa liko mstari wa 84, mwisho wa faili. Alilitafuta tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi, kisha akasema kwamba yeye hakuumbiwa kompyuta. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu akili yake haikuwa na kasoro yoyote: kompaila ilikuwa imesubiri bano la kufungia hadi faili likaisha, ikataja mahali ilipokwama badala ya mahali bano lilipofunguliwa.

Kompaila ile ilikuwa programu huria, yaani yeyote anaweza kusoma na kurekebisha msimbo wake (maandishi yanayoiunda), nami nilitumia miezi minne kuuelewa ili niirekebishe. Kila bano linapofunguliwa, niliweka nambari ya mstari wake kwenye rundo, yaani orodha ambayo kilichowekwa mwisho hutolewa kwanza, na linapofungwa nikaiondoa. Nilidhani nimemaliza. Kumbe bano la ndani lililosahauliwa huchukua kifungio cha bano la nje, na linalobaki kwenye rundo huwa ni lile la nje lisilo na kosa. Ikanilazimu nilinganishe pia jinsi mistari ilivyosogezwa ndani, kwani mwandishi huonyesha nia yake hapo hata anaposahau bano.

Wasimamizi wa mradi walikataa kazi yangu, wakisema kwamba wenye uzoefu hawaihitaji. Mwaka mmoja na nusu baadaye walipokea wazo lilelile kutoka kwa mtu mwingine, na jina langu halikutajwa. Bado linaniuma. Hata hivyo, maelezo niliyoandika yalisomwa na mwajiri aliyenipa kazi ninayoifanya hadi leo nikiwa nyumbani Raskazone, nayo ni kutengeneza seva za lugha, yaani programu zinazoieleza edita (programu ya kuandikia msimbo) makosa ya msimbo wa lugha fulani ya programu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usianze na lugha mpya. Anza na ujumbe wa kosa. Keti kando ya mtu anayejifunza, usiiguse kibodi yake, uandike kila mahali anapokwama. Zamani lugha 10 na edita 5 zilihitaji viunganishi 50. Tangu kampuni za Microsoft, Red Hat na Codenvy zilipotangaza mwaka 2016 itifaki ya pamoja, yaani kanuni za mawasiliano kati ya edita na seva ya lugha, kila lugha inahitaji seva moja na kila edita kiunganishi kimoja, yaani kazi 15, na ndiyo maana mtu mmoja aliyeko Tanga anaweza kuwafikia watumiaji wa edita zote hizo.

Na udumu katika jambo moja. Anders Hejlsberg, aliyeandika kompaila ya Turbo Pascal iliyotoka mwaka 1983, ndiye aliyeongoza uundaji wa lugha ya programu ya TypeScript iliyotoka mwaka 2012. Vijana wetu hubadili mwelekeo kila mwezi, kisha hulalamika kwamba hawaonekani.

Nimemwomba kijana wa Muheza aniletee makosa matatu yaliyomchosha mwaka huu, pamoja na ujumbe ambao angependa kuusoma badala yake. Jana usiku ameleta la kwanza.