Kabla hujafundisha Veleta mtafute nyanya anayeijua

Kazi yangu ni kulea wazee huku Lancashire, Uingereza. Ninawaogesha, ninawapikia, ninawapeleka hospitali, na kama mzee ana pahali anapenda kwenda basi twende. Hivyo ndivyo nilijikuta Jumatano moja mchana kwenye ukumbi wa kanisa nimebeba mkoba wa mtu na viatu vyake vya dansi, nikijua nitakaa tu pembeni ninywe chai na biskuti hadi saa kumi. Nyanya mwenyewe alikuwa na miaka 88. Tulipofika akavaa viatu, akaniangalia juu mpaka chini, akanivuta mkono. Ati patna wake hakuja.

Nilikanyaga watu siku hiyo, wacha tu.

Nilichojua kuhusu dansi ni ile ya mwomboko ya babu yangu kule Nyeri, akodiani na ile ringi ya chuma ya karing'aringa, wazee na mama zetu wawili wawili wakizunguka, hatua mbili kisha unapinda, hatua mbili kisha unapinda. Sasa kumbe hizi dansi za wazee wa Kiingereza zinazoitwa sikwensi ni kitu kinakaribiana hivyo. Kila mtu ukumbini anapiga stepu ile ile wakati ule ule, mnazunguka ukumbi kinyume cha saa, na dansi yenyewe mara nyingi ni vipimo 16 vya muziki (kipimo ni kile kikundi kidogo cha mapigo, kwenye walzi ni moja-mbili-tatu), ikiisha mnaanza tena bila kusimama mpaka wimbo uishe. Hata si ajabu zinakaribiana, maana mwomboko wenyewe wazee wetu waliutengeneza enzi za mkoloni wakichukua miondoko ya walzi na foksitroti na dansi za Waskoti, wakaipinda ikawa yao. Kwa hiyo mtu akiniuliza mwanamke wa Nyeri anatafuta nini kwenye Veleta, moja ya hizo dansi za sikwensi, ninamwambia ninatembelea mashemeji.

Miaka sasa imepita na siku hizi mimi ndo ninaulizwa na vijana wanaojifunza dansi za ukumbini, hawa wa walzi na kwikstepi na cha cha za mashindano, jinsi ya kujifunza hizi za zamani na kuzipeleka kwenye klabu zao. Nitasema nilichoona, na makosa yangu mwenyewe maana ndiyo mengi.

Kosa la kwanza nililifanya na huyo huyo Nyanya wa Jumatano. Alikuwa na kopo la biskuti limejaa kadi, kila kadi dansi moja, ameandika kwa penseli kwa vifupi alivyovijua yeye mwenyewe. Nikamwambia siku moja tutakaa tuzipige picha zote. Siku moja, siku moja, we unajua hiyo siku moja. Nikapiga picha kadi 11 jioni moja tukingoja chakula kiive, nikasema zingine wiki ijayo. Akalazwa, akafariki, jamaa zake wakaja kuondoa vitu kwenye nyumba kwa siku mbili na lile kopo sijui lilienda wapi, nadhani lilienda na takataka. Siwalaumu sana, kopo la biskuti lina kutu nani angejua. Lakini ubaya zaidi ni kwamba katika zile 11 nilizonazo kuna nne siwezi kuzisoma hadi leo. Sikumwomba azisome kwa sauti. Kwa hiyo kama una mzee kama huyo mwambie leo, si wiki ijayo, weka simu mezani irekodi, aisome kadi moja moja kwa mdomo wake na mkono wake ukionyesha, halafu ndo upige picha. Picha bila sauti ni nusu ya kazi.

Na usimrekodi mkiwa mmekaa tu. Msimamishe. Mzee ukimuuliza akiwa kwenye kiti atakuambia stepu kama zilivyo kwenye kitabu, ukimsimamisha na muziki ukaanza mwili wake unakumbuka vitu ambavyo mdomo haukuvitaja, pale unaposubiri kidogo kabla ya kugeuka, pale unapomwangalia patna na pale unapoangalia mbele. Piga video ukiwa nyuma yake, si mbele, maana video ya mbele mtu akijifunza nayo nyumbani anageuza kulia kuwa kushoto (niliwahi kumfundisha dada mmoja Veleta nzima upande usio wake kwa sababu hiyo, alipofika ukumbini akaenda peke yake ukutani na watu wote huku). Video moja ya mwili mzima, nyingine ya miguu tu. Miguu ndo inasahaulika, watu wanapenda kurekodi sura.

Sasa kwenye kufundisha. Watu wanakosea kwa kuanza na dansi ngumu ndo waonekane wanajua historia, anakuja mtu na Lancers, watu wanane kwenye mraba, kila mtu amepotea dakika kumi na chai imepoa. Anza na St Bernard's Waltz. Inakwenda kando mara tatu, halafu mnapiga miguu chini mara mbili, paa paa, mnarudi mara mbili, mwanamume anarudi nyuma kidogo na kuja mbele, mwanamke anapita chini ya mkono, mnamalizia na walzi. Hiyo paa paa ndo inafanya kazi. Mtu mzima akipiga miguu sakafuni pamoja na watu hamsini anacheka, na akishacheka umemshika. Niliona hivyo kule Blackpool, tulienda na basi la wazee kwenye ukumbi wa Tower, ule uliobuniwa na Frank Matcham ukafunguliwa 1899, dari limechorwa utafikiri uko ndani ya keki ya harusi, na ile ogani ya Wurlitzer inapanda kutoka chini ya jukwaa mpigaji akiwa ameshakaa anapiga. Kulikuwa na vijana wawili wamevaa vizuri, inaonekana wanacheza dansi kabisa, walzi yao ilikuwa safi sana. Ilipokuja sikwensi wakatoka wakasimama kando na simu. Nikamwacha patna wangu nikaenda kuwaambia njooni hii hata mimi niliijua siku moja. Raundi ya kwanza walikuwa nyuma, raundi ya tatu walikuwa wanapiga miguu kuliko wazee wote.

Ya pili weka Veleta. Arthur Morris, mwalimu wa dansi wa Leeds, aliitunga mwaka 1900, na bado inachezwa, fikiria. Mnaanza mmeshikana mkono mmoja tu, mnafunguka, mnageukiana, mnateleza kando mara mbili, mnarudi vile vile, baadaye ndo mnashikana kabisa na kuzunguka. Shida ya wachezaji wa leo kwenye Veleta si stepu, ni mwendo. Walzi waliyozoea ni ya pole, vipimo 28 hadi 30 kwa dakika, wamefundishwa hatua ndefu ya kupanda na kushuka kama wimbi. Walzi ya Vienna nayo inakimbia karibu 60. Veleta iko katikati hapo, na ukipiga hatua zako ndefu za mashindano utamgonga mzee aliye mbele, naye hatakusamehe. Waambie wapunguze hatua hadi waone aibu, hapo ndo ni sawa. Na wengine wanaleta tabia ya kuongoza, yaani anataka kumzungusha patna anavyojisikia. Hapana, huku patna anajua kinachokuja kama wewe, kazi yako ni kufika pamoja naye.

Fundisha bila patna kwanza, watu wote wameangalia upande mmoja kwa mistari, na fundisha kila mtu pande zote mbili. Yule Nyanya wa Jumatano alicheza upande wa mwanamume zaidi ya miaka thelathini kwa sababu kwenye kumbi hizi wanaume huwa wachache, na alisema wanaume waliobaki walikuwa wabovu pia. Mkiingia kwenye duara, weka wanaojua mbele na nyuma ya wasiojua, wasiojua wataiba kwa macho. Na muziki ukishaanza nyamaza. Mimi nilikuwa ninapiga kelele "kushoto, kushoto" katikati ya wimbo, mzee mmoja akaja akaniambia kwa upole kwamba yeye alikuwa anaelewa mpaka nilipoanza kusaidia.

Muziki sasa, hapa usicheze. Si lazima uweke sahani za 1950. Vijana wangu ninawawekea nyimbo za juzi na wanazipenda, lakini lazima ukae chini uhesabu kabla, kwa kidole mezani, vipimo 16, tena 16, tena 16. Nyimbo nyingi za redioni zina kijisehemu cha ziada pahali, vipimo viwili au vinne kabla ya kiitikio, na kikishaingia dansi yako inaendelea lakini zile paa paa zinaanguka pahali hazina maana tena, watu wanahisi kitu kimeharibika na hawajui nini, wanafikiri ni wao. Ndo maana bendi kama ya Victor Silvester, aliyeanza kurekodi na okestra yake 1935, zilipendwa na wachezaji, mwendo haubadiliki na hesabu haikudanganyi. Anza na hizo, ukishazoea hesabu ndo utoke.

Kitu kingine ambacho kitawagombanisha ni toleo gani ni la kweli. Military Two Step peke yake, sikwensi nyingine, nayo ya 1900, imeniletea maneno. Kisigino, kidole, mnatembea, mnageuka, hapo wote wanakubaliana. Baada ya hapo ukumbi mmoja wanaruka na kurusha mguu, ukumbi mwingine wanaachana kidogo na kusalimiana kwa heshima, na kila mmoja ataapa kwamba alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtunzi mwenyewe. Mimi zamani nilikuwa ninatafuta iliyo sahihi. Siku hizi ninaandika zote mbili, chini ninaandika mji gani, mwaka gani nilioiona, na aliyenionyesha alijifunzia wapi. Ninaandika kwa maneno ya kawaida, mguu gani unaenda wapi, nikimaliza ninampa mtu asiyejua dansi hiyo akaijaribu jikoni kwake. Akikwama, tatizo liko kwangu.

Na msizitenge. Nimeona klabu wanaweka usiku mzima wa dansi za zamani, wanaweka bango na nguo za zamani, wanakuja watu tisa. Weka moja tu katikati ya usiku wa kawaida, baada ya cha cha watu wakiwa wamechangamka, wiki ijayo rudia ile ile, na wiki inayofuata tena ile ile hata kama wewe umeichoka. Wiki ya nne usifundishe, weka wimbo tu, uone nani atasimama.

Zile kadi nne bado ninazo kwenye simu. Moja ina neno linaonekana kama "swallow" halafu mshale unapinda kushoto halafu herufi tatu. Nimeijaribu jikoni kwa njia tano au sita, mwanangu ananicheka. Juzi mzee mmoja wa Jumatano aliitazama muda mrefu, akaniomba nimshikie fimbo, akapiga hatua tatu akasimama, akasema ngoja, nakuja nayo wiki ijayo. Safari hii nilikuwa nimeshawasha simu inarekodi.